Je, satelaiti itaniambia jaruba lipi halijapata maji?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni katibu wa chama cha umwagiliaji huku Usangu, wilaya ya Mbarali. Skimu yetu ina hekta kama 400 za mpunga, na juu ya mfereji kuna mashamba ya mahindi yanayotegemea mvua. Kila msimu walio mwisho wa mfereji hulalamika kwamba maji hayawafikii, na walio karibu na banio la kuingizia maji mferejini hukana. Nimeambiwa picha za satelaiti siku hizi ni za bure. Zinaweza kuonyesha jaruba lipi halina maji, mpunga upi una kiu na udongo upi bado una unyevu? Nina kompyuta ya kawaida na bando la intaneti. Na je, zinaweza kutuonyesha pa kuchimba kisima?

JIBU: Zinaweza, ila kisima tukiweke kando kwanza, na usitegemee picha ya aina moja ikujibu yote. Satelaiti haioni maji. Inapima mwanga wa jua unaorudi kutoka ardhini, au joto, au mwangwi wa rada. Maji yaliyo wazi juani, maji yaliyo ndani ya jani na maji yaliyojificha kati ya chembe za udongo huacha alama tatu zisizofanana. Kwenye mpunga kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu jaruba lilelile hupita hali zote hizo ndani ya miezi minne: mwanzo ni kioo cha maji, katikati ni majani matupu, mwishoni ni udongo unaokauka kwa makusudi.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha kompyuta, andaa daftari. Andika tarehe ya kuvuruga tope na tarehe ya kupandikiza kwa kila jaruba, au angalau kwa kila kundi la majaruba yanayolishwa na tawi moja la mfereji. Kisha zunguka na simu yenye GPS uchukue pembe za kila kundi. Watu wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kuona picha, na ndiyo maana wengi huishia kulinganisha mpunga wa wiki tatu na wa wiki kumi, halafu wanasema mmoja una kiu.

Picha za kuanzia ni za Sentinel-2, satelaiti za Ulaya zinazopita kila baada ya siku tano hivi, asubuhi karibu na saa tano. Zinapatikana bure kwenye tovuti ya Copernicus Browser ukijiandikisha. Usipakue faili zima, maana moja hufunika kama kilomita 110 kwa 110 na hukaribia gigabaiti moja. Chora mpaka wa skimu yako, hesabu humohumo kwenye tovuti, na upakue kipande chako tu. Bendi (aina za mwanga, kila moja hupimwa peke yake) utakazohitaji ni chache: B3 ya kijani, B8 ya infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho (zote mbili zina pikseli, yaani vijiraba vya picha, za mita 10), B8A ya infraredi ya karibu iliyo nyembamba zaidi, na B11 ya infraredi ya mawimbi mafupi (hizi mbili ni za mita 20).

Tuanze na maji yaliyo wazi. Maji safi hunywa karibu mwanga wote wa infraredi na kurudisha kidogo cha kijani. Mtafiti McFeeters aliitumia tabia hiyo mwaka 1996 kutengeneza fahirisi (namba moja inayotokana na bendi mbili) iitwayo NDWI: (B3 − B8) gawanya kwa (B3 + B8). Bwawa lenye B3 ya 0.06 (yaani linarudisha asilimia 6 ya mwanga huo) na B8 ya 0.03 linatoa 0.33. Kinadharia, chochote kilicho juu ya sifuri ni maji.

Sasa nenda kwenye jaruba lililovurugwa jana. Maji yana kina cha sentimita chache na yamejaa tope, na tope hurudisha infraredi. B3 inaweza kuwa 0.09 na B8 0.11, kwa hiyo NDWI inakuwa −0.10 na fahirisi inakuambia jaruba ni kavu wakati miguu yako imezama humo. Weka B11 mahali pa B8, kama Xu alivyopendekeza mwaka 2006. Infraredi ya mawimbi mafupi hunywewa na maji kwa nguvu zaidi hata yakiwa na tope. B11 ikiwa 0.07, hesabu inakuwa 0.02 gawanya kwa 0.16, yaani 0.125, na jaruba linaonekana. Fahirisi hii huitwa MNDWI, na kwa majaruba ndiyo ya kutumia. Gharama yake ni pikseli kubwa zaidi, mita 20 badala ya 10.

Gharama hiyo si ndogo ukiipigia hesabu. Eka moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi, sawa na pikseli tatu tu za mita 20. Pikseli za pembeni zimechanganyika na tuta, njia au jaruba la jirani. Ukiacha mita 20 kila upande unabaki na pikseli moja safi, nayo ni kwa bahati, ikiwa mistari ya pikseli imelingana na matuta yako. Ndiyo maana nimesema makundi ya majaruba, si jaruba mojamoja. Kundi la hekta nne lina pikseli 100 za mita 20, na hata ukitupa za pembeni wastani wake unaaminika. Mfereji wenyewe wenye upana wa mita mbili usiutafute, hautaonekana.

Kuhusu kizingiti, yaani thamani inayotenganisha maji na nchi kavu, sifuri ni mahali pa kuanzia tu. Chukua kundi unalojua lina maji siku ile na lingine unalojua ni kavu, soma thamani za yote mawili, uweke mpaka katikati. Kuna njia ya Otsu ambayo programu hutafuta yenyewe bonde kati ya vilima viwili vya grafu, kimoja cha maji na kimoja cha nchi kavu. Inafanya kazi vizuri maji yakiwa sehemu kubwa ya picha. Ukiipa picha nzima ya wilaya ambayo maji ni asilimia mbili, kilima cha maji hakionekani, na Otsu itagawanya msitu na mashamba huku ikikuandikia "maji" juu ya kimoja.

Mdanganyifu mkubwa wa hatua hii ni uvuli wa wingu. Ni mweusi kwenye bendi zote na mara nyingi hupita kama maji. Picha za kiwango cha L2A, yaani zilizokwisha kuondolewa athari ya hewa, huja na tabaka liitwalo SCL: ondoa namba 3 (uvuli), 8 na 9 (wingu) na 10 (wingu jembamba la juu), kisha bado tazama kwa macho yako picha ya rangi za kawaida. Usangu kati ya Desemba na Aprili unaweza kukaa wiki kadhaa bila picha safi hata moja, na huo ndio msimu wenyewe wa kuvuruga na kupandikiza.

Hapo ndipo rada inaingia. Sentinel-1 hutuma wimbi la sentimita 5.6 linalopenya wingu, usiku au mchana, na hurudi njia ileile kila baada ya siku 12. Maji yaliyotulia ni kama kioo kilichoinamishwa: wimbi hudunda na kwenda zake, hakuna kinachorudi, na picha inakuwa nyeusi. Rada hutoa picha za namna mbili, VV na VH, kulingana na mwelekeo wa mtikisiko wa wimbi linalorudi. Tumia VH kuliko VV, kwa kuwa upepo ukikwaruza uso wa maji VV hupanda haraka na maji "hupotea". Kizingiti cha kuanzia ni kati ya desibeli (kipimo cha nguvu ya mwangwi) −20 na −22 kwenye VH, halafu ukirekebishe kwa jaruba unalolifahamu. Usisome pikseli moja ya rada kamwe. Picha hizi zina chengachenga kwa asili, kwa hiyo chukua wastani wa kundi zima.

Rada nayo ina uongo wake, na Usangu ina mifano yote. Mchanga mkavu ulio laini hauakisi kurudi kwa satelaiti, kwa hiyo hutoka mweusi. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi upande wa chini wa kinamasi cha Ihefu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mtu akitazama rada peke yake mwezi Oktoba anaweza kuapa kwamba mto una maji, kumbe ni kitanda cha mchanga. Picha ya kawaida humsuta mara moja, maana mchanga ni mweupe. Barabara ya lami nayo ni nyeusi.

Kwenye Ihefu yenyewe mambo hugeuka kabisa. Matete yaliyosimama ndani ya maji hupiga wimbi mara mbili: linadunda juu ya maji, linagonga bua, linarudi moja kwa moja lilikotoka. Picha inang'aa badala ya kuwa nyeusi. Anayehesabu pikseli nyeusi tu atatangaza kwamba ardhi oevu imekauka wakati ndiyo kwanza imejaa. Ramani za maji za dunia zilizotengenezwa kwa picha za Landsat, satelaiti za Marekani, za tangu 1984, zile za kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya, zina tatizo linalofanana na hilo kwa sababu nyingine: zinahesabu maji yaliyo wazi, na sehemu kubwa ya maji ya Ihefu yamefunikwa na nyasi. Tazama ramani hizo kwa mabwawa kama Mtera, lakini kwa kinamasi zisikutoe jasho.

Tuje kwenye mpunga wenyewe. Baada ya siku 40 hivi tangu kupandikiza, majani hufunga. Hapo Sentinel-2 haioni tena maji ya chini, na rada ya sentimita 5.6 nayo hukwama kwenye majani na mashina. Wimbi refu la sentimita 24 hupenya vizuri zaidi, na satelaiti ya NISAR ya Marekani na India, iliyorushwa Julai 2025, inabeba rada ya aina hiyo. Ila kwa kazi ya kila wiki, kipindi hiki badilisha swali. Acha kuuliza kama jaruba lina maji, uliza kama jani lina maji.

Hapa kuna mtego wa jina. Mwaka uleule wa 1996 Gao alitoa fahirisi nyingine akaiita NDWI vilevile, lakini yake inapima maji ya jani, kwa infraredi ya karibu na ya mawimbi mafupi. Ukiona NDWI mahali, angalia kwanza ni bendi zipi zimetumika. Kwa Sentinel-2 tumia ile inayoitwa NDMI: (B8A − B11) gawanya kwa (B8A + B11). Jani lenye maji mengi hunywa mwanga wa B11, jani linalonyauka huurudisha, na NDMI hushuka.

Mambo matatu hushusha NDMI bila kiu yoyote. Mpunga mchanga una majani machache na udongo unachungulia. Mpunga unaoiva unageuka njano na kupoteza maji kwa asili yake, na hata maji ya jaruba yenyewe huondolewa wiki kama mbili kabla ya kuvuna. Tatu, mpunga wenye njaa ya mbolea huwa mwembamba, kwa hiyo fahirisi yake ni ya chini hata ukisimama ndani ya maji. Dawa ya mawili ya kwanza ni lile daftari: panga makundi yaliyopandikizwa ndani ya siku kumi zilezile, tafuta thamani ya katikati ya makundi hayo kwa picha ya siku moja, kisha orodhesha yaliyo chini yake kwa zaidi ya 0.08. Hayo ndiyo ya kutembelea kesho asubuhi. Namba hiyo 0.08 ni ya kuanzia. Ukikuta nusu ya ulizotembelea ziko sawa, ipandishe. La mbolea halina dawa ya satelaiti, linataka mtu shambani.

Kuna kosa jingine ambalo limewaangusha hata wenye shahada. Tangu tarehe 25 Januari 2022 faili za Sentinel-2 huongezewa 1000 kwenye kila thamani, na unatakiwa kuitoa kabla ya kugawanya kwa 10,000. Usipoitoa, jani lenye B8A ya 0.30 na B11 ya 0.18 linasomeka 0.40 na 0.28. NDMI sahihi ni 0.12 gawanya kwa 0.48, yaani 0.25. Yenye kosa ni 0.12 gawanya kwa 0.68, yaani 0.18. Ukilinganisha faili za 2021 zisizo na nyongeza hiyo na za 2023 zenye nayo, utaona mpunga wote wa bonde "umekauka" na hakuna kilichobadilika isipokuwa hesabu. Kwenye Google Earth Engine, huduma ya Google ya kuchakata picha za satelaiti mtandaoni, chagua mkusanyiko wenye neno HARMONIZED katika jina lake, nao umeshasawazishwa.

Ukitaka kujua kiu mapema zaidi, tazama joto. Mmea ukikosa maji hufunga vinyweleo vya jani kwanza, unaacha kujipoza, na jani linapata joto kabla halijanyauka. NDMI hushuka baadaye, na ukijani hupungua mwisho kabisa. Landsat 8 na 9 hupima joto, zikiwa pamoja hupita kila siku 8. Faili zake huja kwa pikseli za mita 30 lakini usidanganyike: kipimo chenyewe kilifanyika kwa mita 100, wakaikata tu vipande vidogo. Kwa hiyo joto litakuambia upande gani wa skimu una taabu, halitakuambia jaruba.

Udongo wa mahindi ndio mgumu kuliko vyote, na hapa matangazo ya kibiashara huahidi sana. Satelaiti ya SMAP ya Marekani, iliyoanza kazi 2015, hupima unyevu kwa uhakika mzuri, lakini ramani yake iliyoboreshwa ina pikseli za kilomita 9. Pikseli moja ni hekta 8,100: skimu yako yote, kijiji, mlima na malisho ya ng'ombe kwa namba moja. Inafaa kujua kama mwaka huu bonde ni kavu kuliko mwaka jana, basi.

Kwa shamba, jaribu Sentinel-1 kwenye VV, mahali pasipo na mimea au penye mimea michache. Udongo wenye maji hurudisha mwangwi mkubwa kuliko udongo mkavu. Tafuta kwenye picha za miaka kadhaa thamani ya chini kabisa ya shamba lako (tuseme −14, mwisho wa kiangazi) na ya juu kabisa (tuseme −8, siku baada ya mvua kubwa). Leo likisoma −11, liko nusu ya njia, asilimia 50. Linganisha picha za njia moja tu ya satelaiti, za alfajiri na alfajiri, au za jioni na jioni, kwa kuwa pembe ikibadilika namba nazo hubadilika. Na andika siku trekta lilipopita: udongo uliolimwa una mabonge, mabonge hurudisha mwangwi, na shamba kavu lililolimwa leo litasomeka kana kwamba lilinyeshewa. Rada inahisi sentimita tano za juu tu, wakati mizizi ya mahindi iko chini zaidi. Jua la siku mbili likikausha juu, satelaiti itasema kavu na mahindi yataendelea kustawi kwa maji ya chini.

Ndiyo maana lazima upime kwa mkono mara chache, siku ileile rada inapopita. Chukua pete ya chuma ya sentimita za ujazo 100, izamishe kwenye sentimita tano za juu, toa udongo wote, pima uzito. Ukaushe kwenye oveni kwa nyuzi 105 kwa saa 24, pima tena. Ukiwa gramu 172 ukawa 140, maji yalikuwa gramu 32, sawa na sentimita za ujazo 32 katika 100, yaani 0.32. Sampuli tano kwa kila shamba zinatosha kuanza. Oveni unaweza kuomba kwenye maabara ya udongo, au ya barabara, maana nao hupima vilevile.

Kisima: hapana. Hakuna kati ya hizi inayoona maji ya chini ya ardhi. Satelaiti za GRACE-FO huhisi uzito wake kwa mvutano, lakini kwa eneo la mamia ya kilomita. Picha zinaweza kuonyesha mipasuko ya miamba au mstari wa miti inayobaki kijani Oktoba, na hizo ni dalili za kumpa mpimaji, halafu yeye aje na vifaa vyake.

Na kuhusu ugomvi wa walio juu na walio chini ya mfereji, picha ipelekwe kwenye kikao lakini isikae kwenye kiti cha hakimu. Inaonyesha hali ya asubuhi moja, na zamu za maji hubadilika usiku. Picha moja ya jaruba kavu haimtii hatiani mtu. Huenda zamu yake ilikuwa jioni ileile. Kusanya picha sita au saba za msimu, za rada na za kawaida, chapisha kila moja na tarehe na saa yake, na chini yake weka jedwali la siku ambazo kila tawi lilikutwa na maji. Tawi la mwisho likiwa kavu mara sita kati ya saba huku la kwanza likiwa limejaa zote saba, wanachama wataisoma wenyewe, na swali litakalofuata litakuwa la kipimo cha maji pale kwenye banio, ambacho hakipatikani angani.